Kitufe Nilichokificha

Mwezi uliopita nilikuwa mmoja wa wawezeshaji katika mafunzo kazini ya siku tatu kwa walimu wa sekondari. Mada yangu ilikuwa na jina la kuvutia: matumizi ya mawasilisho shirikishi katika ufundishaji. Walimu walikuja na vishikwambi vyao, projekta ikawashwa, nami nikafungua faili nililokabidhiwa na waandaaji. Slaidi zilikuwa safi, zenye rangi na picha zinazocheza. Katika kila slaidi palikuwa na mshale mmoja tu, chini upande wa kulia, ulioandikwa "Endelea".

Siku ya pili mwalimu mmoja kijana aliyekaa nyuma alinyoosha mkono. "Samahani Mwalimu, kwenye mfano wa vyanzo vya maji wameweka mto ambao wanafunzi wangu hawaujui. Naweza kuutoa nikaweka Mbaka?" Nilijaribu mbele ya darasa zima. Faili lilikuwa limefungwa, halikubali kubadilishwa hata nukta. Nikamwambia haiwezekani. Akauliza tena, kwa adabu ile ile: "Sasa ushirikishi wake uko wapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini usiku ule, nyumbani hapa Mpuguso, mvua ikilipiga bati kama ilivyo desturi yake, sikupata usingizi. Swali lile lilinirudisha miaka thelathini nyuma, kwenye kompyuta moja ndogo na kwenye jambo nililolifanya ambalo sijapata kulisimulia hadharani. Leo nalisimulia, kwa kuwa naamini linawahusu wanafunzi wangu, linawahusu wanaharakati wanaonisoma, na zaidi ya wote linawahusu watumishi wa umma ambao kazi yao ya kila siku ni kuandaa taarifa za kuwasomea wakubwa.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu mpya katika shule moja ya sekondari ya bweni katika nyanda hizi za juu. Mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya, alipomaliza mkataba wake, hakutaka kusafiri na mzigo, akaiachia shule kompyuta yake, Macintosh Classic II. Ilikuwa sanduku moja lenye skrini ya inchi tisa, lenye mpini juu mithili ya ndoo. Skrini haikuwa na rangi. Ilikuwa na nukta 512 kwa upana na 342 kwa urefu, na kila nukta ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe. Pamoja nayo kulikuwa na kipanya, kipaza sauti kidogo, na boksi la diski laini.

Ili msomaji kijana aelewe uzito wa sanduku lile, lazima nimkumbushe nchi tuliyokuwamo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Haikufanya hivyo kwa ujinga, kama wengine wanavyopenda kusema siku hizi. Majaribio ya kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine yalikuwa yameleta hasara na vurugu, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na viongozi waliona taifa linanunua vitu ambavyo halina watu wa kuvitawala. Lakini matokeo yake ni kwamba wakati wenzetu wa Nairobi, katika shule ya Aga Khan, walikuwa wanafundishia kompyuta za Apple II tangu miaka ya 1980, kizazi chetu kilikua bila kuigusa mashine hiyo. Hata televisheni, ambayo Zanzibar waliipata mapema miaka ya 1970, huku Bara tuliisubiri hadi 1994. Wanafunzi wangu wengi walikuwa hawajawahi kuona kioo kinachotoa picha. Wakaanza na kioo kinachokuuliza unataka kwenda wapi.

Programu iliyofanya hivyo iliitwa HyperCard. Iliandikwa na Bill Atkinson, mhandisi wa kampuni ya Apple, ikatolewa Agosti 1987. Atkinson aliikabidhi kwa kampuni kwa sharti kwamba itolewe bure pamoja na kila kompyuta mpya ya Macintosh. Wazo lake lilikuwa jepesi kiasi kwamba niliweza kulieleza kwa kutumia karata. Kila skrini ni kadi. Kadi nyingi hufanya bunda. Juu ya kadi unaweza kuchora, kuandika, au kuweka kitufe, na kila kitufe unakipa amri yake: kikibonyezwa, nenda kadi inayofuata, kikibonyezwa, nenda kadi iitwayo "Kiwira", kikibonyezwa, lia. Amri zenyewe ziliandikwa kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, maneno ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili alikwisha kuyaona kwenye vitabu vyake. Tuliyaandika ubaoni, tafsiri yake pembeni, na baada ya wiki mbili hayakuhitaji tafsiri.

Jambo lililonivutia kuliko yote lilikuwa ngazi. HyperCard ilimpanga mtumiaji katika ngazi tano. Katika ngazi ya kwanza unatazama tu. Katika ya pili unaruhusiwa kujaza maandishi. Katika ya tatu unachora. Katika ya nne unatunga, yaani unaongeza kadi na vitufe vyako. Katika ya tano unaandika amri zinazoendesha bunda lenyewe. Programu ilikuwa moja, na aliyetazama na aliyetunga walitumia chombo kile kile. Aliyetazama leo angeweza, akitaka, kutunga kesho.

Hata hivyo, katika matoleo yaliyokuja na mashine za miaka ile ya mwanzo wa 1990, ngazi tatu za juu zilikuwa zimefichwa. Kampuni ilitaka anayetaka kutunga anunue toleo kamili. Zilikuwa zimefichwa kwa kufuli dhaifu: ukifika kwenye kadi ya mwisho ya bunda la Nyumbani, ukaandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya mazingaombwe, kadi ilifunguka na ngazi zote tano zikajitokeza. Yule mwalimu wa kujitolea alituandikia neno hilo kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ubavuni mwa mashine. Sijui kama alitambua alichotupa. Bila karatasi ile tungekuwa watazamaji.

Tulianzisha kikundi cha wanafunzi kumi na wawili. Umeme ulikuwa wa kuja na kwenda, hivyo kazi nyingi ilifanyika kwenye karatasi: kila kadi ilichorwa kwanza daftarini, na mishale ikaonyesha kitufe kipi kinakwenda wapi. Nikawaambia wachague somo. Nilitarajia wachague Mlima Rungwe, au ziwa la Ngozi ndani ya kreta yake, au Daraja la Mungu pale Kiwira ambapo mto unapita chini ya mwamba wa volkano. Wao wakachagua maji. Bunda wakaliita "Maji Yetu".

Mgeni atashangaa. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Huku maji hayakosekani. Yanatiririka kila bonde, yanaivisha migomba na chai. Lakini maji ya bondeni si maji ya nyumbani. Kati ya mto na mtungi pana mlima, na mlima huo hupandwa na mtoto wa kike akiwa na ndoo kichwani, kwenye utelezi. Mwaka 1971 Serikali ilizindua mpango wa miaka ishirini ambao ungemfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Mabomba mengi yalijengwa, na kazi ile ni ya kuheshimiwa. Sisi tulikuwa tumekaa darasani miaka mitatu baada ya 1991, na kila mwanafunzi alikuwa na hesabu yake ya mita.

Kadi ya kwanza ilikuwa ramani. Juu walichora mlima, katikati mito, na kila kijiji wakakiwekea kitufe chenye umbo la bomba. Ukibonyeza bomba, unafika kwenye kadi ya kijiji: nani huchota, saa ngapi, umbali gani, na picha ya chanzo. Tulitaka pia sauti. Hapo ndipo tulipojifunza uchumi wa diski. Diski moja ilibeba takribani megabaiti 1.4, na dakika moja ya sauti safi iliijaza yote. Kwa hiyo tulirekodi sekunde nne tu za maji yakimiminwa kutoka kwenye jagi kwenda kwenye ndoo, na sekunde hizo hizo zikatumika kwa kila kijiji.

Isipokuwa kimoja. Binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa kimya aliyezoea kukaa karibu na dirisha, alikuja mezani na daftari lake. "Mwalimu, kitufe changu kisilie kitu. Pale hakuna kinacholia." Kijiji chao kilikuwa na bomba lililojengwa, lenye msingi wa saruji na tarehe iliyochongwa. Kwenye kadi yake aliandika: "Bomba lipo. Maji hayatoki tangu nilipokuwa darasa la tano. Tunachota bondeni. Kwenda dakika 35, kurudi na ndoo dakika 50." Nilimuuliza dakika hizo amezipata wapi. Akajibu kwamba wakati wa likizo aliazima saa ya kaka yake akaenda mara tatu, kisha akachukua wastani. Sikuwahi kumfundisha wastani. Alikuwa amepewa na mwalimu wa hisabati, na ameutumia kwenye jambo lake.

Mwaka uliofuata, 1995, ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe mwaka 1992. Kura zilipangwa kupigwa tarehe 29 Oktoba. Mahafali ya kidato cha nne yaliangukia katikati ya kampeni, na shule ilipata mgeni rasmi mzito. Bweni la wasichana lilikuwa linavuja, na sote tulijua kwamba risala ya wahitimu ingemwomba bati. Mkuu wa shule, mtu mwema ambaye hata leo namheshimu, alikuja kuitazama kompyuta siku mbili kabla. Alibonyeza vijiji vyote, akasikia maji yakimiminika, akatabasamu. Kisha akafika kwenye kitufe kisicholia.

Alisoma kadi ile mara mbili. Akaniita pembeni. "Mwalimu, kazi ni nzuri sana. Ila hii moja iondoe. Mwaka huu unajua ulivyo. Watasema shule inafanya siasa, na bati tutazikosa."

Nilimjibu: "Sawa, Mkuu."

Usiku ule nilikaa peke yangu mbele ya mashine. Sikuwa na moyo wa kuifuta kadi. HyperCard ilikuwa na amri ya kuficha kitufe bila kukifuta; kinabaki mahali pake, na amri yake ndani yake, ila hakionekani wala hakibonyezeki. Niliandika amri hiyo kwenye kisanduku cha ujumbe, maneno machache tu, na bomba likatoweka juu ya ramani. Jina la kijiji, kwa kuwa lilichorwa kwenye picha, lilibaki. Nikajiambia kwamba sijafuta chochote. Nadhani hivi ndivyo wengi wetu tunavyojiambia.

Siku ya mahafali, mgeni rasmi alisikiliza risala, ambayo ilikwisha pitiwa na kusahihishwa na watu watatu. Alisikiliza kama viongozi wanavyosikiliza risala, mikono magotini, akijua kinachokuja. Halafu akaletwa kwenye meza ya kompyuta. Hapo sura yake ilibadilika. Alikishika kipanya mwenyewe. Akabonyeza kijiji kimoja, akasoma. Akarudi kwenye ramani, akabonyeza kingine. Akamwita msaidizi wake aje asikie maji. Hakuna aliyemwongoza, naye hakusubiri kuongozwa. Nilikuwa sijawahi kumwona kiongozi akiuliza kwa hamu namna ile, na kila alichouliza kilikuwa na jibu lililoandikwa na mtoto.

Kisha kidole chake kikagusa kioo, juu upande wa kulia, chini kidogo ya mlima. "Na hapa? Hiki kijiji nakijua. Mbona hakina bomba?"

Nilisimama nyuma yake. Binti yule alikuwa amesimama kushoto kwangu, katika sare iliyopigwa pasi. Nikasema: "Wanafunzi bado hawajamaliza, Mheshimiwa."

Akaitikia kwa kichwa, akasema "Ndaga fijo" kwa wanafunzi wote, akaenda kula. Bati zikaja kabla ya mwezi kwisha. Sitaki msomaji adhani hazikuja; zilikuja, na wasichana wakalala pakavu, naye akiwa mmojawapo. Ndiyo maana jambo hili halijanipa nafasi ya kulitupa kirahisi.

Jioni, tukikusanya viti, alinisogelea. Hakulia wala hakupandisha sauti. "Mwalimu, kwa nini umesema sijamaliza?" Nikamjibu jibu ambalo watu wazima wa nchi hii wamelijibu mara nyingi kupita kiasi: "Utaelewa ukikua." Hakurudi tena kwenye kikundi. Alifaulu masomo yake, akaondoka, sikusikia habari zake tena.

Ndugu msomaji, nimeyafikiri haya kwa miaka mingi, na nimefikia hitimisho ambalo nitalisema bila kulizungusha. Tofauti kati ya risala na bunda lile haikuwa umeme wala kioo. Katika risala, msemaji huamua kitakachofuata. Msikilizaji ana mshale mmoja tu, wa kuendelea. Katika wasilisho shirikishi la kweli, anayesikiliza ndiye anayechagua pa kwenda, na hivyo anaweza kufika mahali ambapo mwandaaji hakutaka afike. Mgeni rasmi yule alifika. Aligusa mahali penyewe hasa na kuuliza swali lenyewe hasa. Chombo kilifanya kazi yake yote. Aliyeshindwa ni mtumishi wa umma aliyesimama nyuma ya kiti, yaani mimi.

Nawaandikia watumishi wenzangu. Tunapoandaa taarifa ya utekelezaji, jedwali la miradi, au slaidi za ziara ya kiongozi, mara chache tunasema uongo. Tunaficha vitufe. Tunaacha jina la kijiji kwenye ramani na kuliondoa bomba, kisha akiuliza mtu tunasema takwimu bado zinakusanywa. Kila mmoja wetu ana bati zake za kulinda, na mara nyingi ni bati halali kabisa. Lakini mkusanyiko wa vitufe vyote vilivyofichwa ndio unaomfanya kiongozi aamini kwamba nchi nzima inasikika maji yakimiminika. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliwapa wananchi nafasi ya kumiliki na kusimamia miradi yao, na mwaka 2019 ukaundwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA. Vyombo vyote hivi, hata viwe vizuri kiasi gani, vitakula taarifa tutakayovilisha.

La pili nawaandikia walimu na wanachuo. HyperCard yenyewe ilikufa, na namna ilivyokufa ina somo. Kampuni iliendelea kuifungia. Mashine mpya zikaja na toleo la kutazamia tu, na anayetaka kutunga akatakiwa kununua. Mwaka 2004 ikaondolewa sokoni kabisa. Wakati huo huo watoto wake walikuwa wametapakaa duniani: mchezo wa Myst wa mwaka 1993 ulitungwa ndani yake, na Ward Cunningham, aliyeanzisha wiki ya kwanza mwaka 1995, wazo lake lilianzia kwenye bunda la kadi. Yaani hata Wikipedia, ambamo leo mwanafunzi wa Mpuguso anaweza kusahihisha makala kuhusu Rungwe, ina damu ya kadi zile. Kilichopotea ni ile desturi ya mashine kumwambia kila aliyeinunua: nawe unaweza kutunga.

Vishikwambi walivyogawiwa walimu wetu baada ya sensa ya mwaka 2022 ni vyombo vyenye nguvu kuliko Macintosh ile mara maelfu. Nimefurahi vimekuja. Lakini tukiwapa walimu vishikwambi pamoja na mafaili yaliyofungwa, tumewapa ngazi ya kwanza na tumewaita wa kisasa. Mwalimu wa Rungwe lazima aweze kuutoa mto asioujua akaweka Mbaka au Lufilyo. Njia zipo, na ni za bure: Scratch, iliyotolewa mwaka 2007, Twine, iliyoanza mwaka 2009, na hata ukurasa wa kawaida wa HTML, ambao hauhitaji intaneti ili kusomeka na unaingia kwenye simu yoyote. Hata programu ya slaidi tuliyonayo sote inaruhusu kiungo kutoka kwenye picha kwenda kwenye slaidi nyingine. Ni wachache tu waliofundishwa hivyo. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga mafunzo kazini ni dogo: msitupe wasilisho lililokamilika. Tupeni lililofunguka, na saa tatu za kulivunja na kulijenga upya.

La tatu nawaandikia wanaharakati, kwa kuwa wao hukusanya ushahidi. Mwaka 1986 Waingereza, wakiadhimisha miaka 900 ya sensa ya kale ya mfalme wao, waliwaomba shule na wananchi waandike habari za maeneo yao. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wengi wao watoto wa shule, na kazi yao ikahifadhiwa kwenye diski kubwa za leza zilizosomwa na kompyuta ya BBC. Kitabu cha mwaka 1086 kinasomeka mpaka leo. Diski zile, kabla ya kutimiza miaka ishirini, zilikuwa karibu kukosa mashine ya kuzisoma, na ilibidi watafiti wafanye kazi kubwa kuzinusuru. Tangu 2017 maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive imekuwa inafufua mabunda ya HyperCard, na leo unaweza kuyafungua ndani ya kivinjari bila kuwa na Macintosh.

"Maji Yetu" halimo humo. Diski yetu ninayo, katika bahasha, ndani ya kabati. Miaka michache iliyopita nilimpata mtu mwenye kifaa cha kuzisoma. Tuliifungua kibati chake tukakuta ukungu mweupe umetanda juu ya utando. Hali ya hewa ya Tukuyu, inayoistawisha migomba, haina huruma na diski. Hakikutoka kitu.

Kwa hiyo kadi ile sasa ipo mahali pamoja tu, kichwani mwangu, nami sitakaa milele. Ndiyo maana nimeyanukuu hapo juu maneno yake kama nilivyoyakumbuka, na dakika zake mbili. Muhula huu nimewapa wanachuo wangu zoezi: kila mmoja atunge ukurasa wa kijiji chake, wenye ramani na vitufe, na sharti langu ni moja. Kama kuna bomba lisilotoa maji, liwepo, na lisilie.

Nimeambiwa kwamba ukurasa huu husomwa hadi mbali. Ikiwa unasomwa na mwanamke aliyekuwa kidato cha pili mwaka 1994, aliyeazima saa ya kaka yake wakati wa likizo na kushuka bondeni mara tatu ili apate wastani, naomba radhi. Ulikuwa umemaliza.

Mpuguso, Tukuyu